Nimenunua kibonzo cha kale cha Kifaransa, nyuma ya jukwaa la opera. Wajuzi njooni tukichambue

#1 Nahodha wa Nchi Kavu (mleta mada)

Wakuu habari za usiku. Nimechoka mbaya lakini hii kitu inanisumbua toka Jumapili kwahiyo bora niimwage humu nilale.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga, niko Paris mwaka wa 9 huu, kazi yangu ni usafi kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho (jina sitaji, mshahara bado nautaka). Naingia saa tano usiku watu wakishatoka. Kwahiyo jukwaa mimi nalijua kwa nyuma tu, mbele sijawahi kukaa hata siku moja.

Sasa Jumapili nilikua kwenye mitumba, kule wanakotandika turubai wanamwaga vyombo vya marehemu, nikaona picha ya wino mweusi kwenye fremu iliyoliwa na wadudu. Muuzaji anataka yuro 12, tumevutana weee mpaka 8.

Niwaelezee maana simu yangu kamera imekufa. Ni nyuma ya jukwaa. Upande wa kulia kuna lile libao kubwa linalochorwa msitu, ila sisi tunaliona mgongoni: mbao, misumari, kitambaa chenye viraka. Mbele yake binti wa baleti, kile kisketi chepesi kama moshi, na mabawa mgongoni, yaani kavalishwa umalaika. Mguu kaupandisha kwenye stuli anafunga kamba za kiatu, na mdomoni kabana kipande cha mkate maana mikono yote ina kazi. Malaika na boflo mdomoni, hapo tu nilishacheka mwenyewe pale sokoni.

Pembeni yake jamaa, kofia ndefu nyeusi, koti jeusi, tumbo limetangulia, kainama kidogo kama msoma mita wa maji. Katikati yao mama mtu mzima na shali na kapu, haangalii binti haangalii jamaa, anaangalia mfuko wa koti la jamaa. Na kule gizani kuna zimamoto na helmeti yake, kamkodolea binti macho mpaka aibu, miguuni ana kitu kama ngoma.

Tatizo: maneno ya chini yamekatwa. Mtu mmoja huko nyuma alitaka iingie kwenye fremu akapiga mkasi, zimebaki ncha za herufi tu kama pembe za konokono. Na karatasi nyepesi, ukiiweka kwenye taa unaona maandishi ya gazeti yametokeza toka upande wa pili.

Sasa nani kachora, na utani wenyewe ni upi? Nimecheka lakini sijui nimecheka nini.

---

#2 Kambi Popote

Nimetandika mkeka. Mwenye kahawa asogee.

---

#3 Domo Kaya

Hahaha mkuu utani si uko wazi, babu mwenye kofia ni pedeshee, mama ndo dalali, zimamoto hana hela anakula kwa macho. Uzi ufungwe.

---

#4 Fundi Pleti

Domo Kaya tulia wewe. Mkuu Nahodha mimi nimesimama kwenye mashine za kuchapa miaka 20 na ushee hapa mtaa wa Gerezani, Dar, hiyo kitu uliyonunua inaitwa litografia na ni babu mzaa babu wa mashine yangu, ngoja nikueleze.

Unachukua jiwe la chokaa, yaliyokua yanasifika ni ya Solnhofen kule Bavaria. Unalisaga mpaka linakua sawa kama meza. Unachora juu yake kwa chaki ya mafuta, imetengenezwa na nta, sabuni na masizi. Afu unapaka gundi, hii hii ya mgunga, imetiwa tindikali kidogo. Hapo jiwe limeshagawanyika: palipochorwa pana mafuta panakataa maji, palipobaki panakunywa maji. Unalilowesha, unapitisha rola ya wino, wino unaruka penye maji unashika penye chaki, unalaza karatasi unabana. Hakuna kuchonga hata kidogo, maji na mafuta havipatani basi. Aliyeigundua ni Alois Senefelder, miaka ya 1790 mwishoni huko huko Bavaria, na offset tunayochapia kadi zenu za harusi ni kanuni ile ile, jiwe limekua bati tu. Mpaka leo nikizima mashine usiku napaka pleti gundi hiyo hiyo, sisi tunaiita gamu.

Uzuri wake sasa. Wa kuchonga mbao au shaba anakaa siku na siku na patasi, huyu wa jiwe anachora kama anaandika barua, leo anachora kesho watu wananunua. Ndo maana vibonzo vya magazeti vilikuja na jiwe. Na ukiangalia kwa karibu kijivu chake kina vidoti vidoti kama unga wa mkaa, hiyo ni chaki inagusa vichembe vya jiwe. Hebu angalia kwenye koti la jamaa kama vipo.

---

#5 Nahodha wa Nchi Kavu

Vipo! Nimeangalia na miwani ya mwenzangu tunayekaa naye. Koti kwa mbali jeusi tii, kwa karibu kama mchanga wa ufukweni jioni. Aisee fundi ubarikiwe.

---

#6 Mzee Daftari

Wanangu hamjambo. Mimi nilifundisha historia kabla ya kustaafu, niwape picha nzima, mtanivumilia naandika polepole kwa kidole kimoja.

Hayo maandishi ya gazeti mgongoni ni ushahidi mzuri. Paris kulikuwa na gazeti la kila siku la vibonzo, Le Charivari, lilianza Desemba 1832. Kurasa nne, na kila siku picha moja mpya ukurasa wa tatu, kwa hiyo mgongoni pake panakuwa na habari na matangazo ya ukurasa wa nne. Picha yako inaelekea imekatwa humo au kwenye gazeti la namna hiyo.

Mwenye gazeti alikuwa Charles Philipon. Huyu bwana alimpa mfalme Louis-Philippe sura ya peasi. Mfalme alikuwa na mashavu yaliyoshuka chini, na kwa Kifaransa cha mitaani peasi ni mtu bwege. Akashtakiwa mwaka 1831. Mbele ya mahakama akachora vichwa vinne: cha kwanza mfalme mwenyewe, cha pili kimefura kidogo, cha tatu zaidi, cha nne ni peasi kabisa na majani yake. Akawauliza, mtanifunga kwa kichwa kipi? Kama cha kwanza mnakiita mfalme na cha pili kinafanana na cha kwanza, itabidi mkafunge mapeasi yote ya Ufaransa. Wakamfunga vilevile. Mwaka 1832 akafuata mchoraji wake Honoré Daumier, miezi sita, kwa kumchora mfalme kama jitu linalokula, mawaziri wanapanda ubao wanammiminia vikapu vya hela mdomoni.

Sasa sikilizeni hapa ndipo picha ya Nahodha inapozaliwa. Tarehe 28 Julai 1835 mtu mmoja, Fieschi, akamtegea mfalme mitambo ya mitutu ya bunduki 25 iliyofungwa pamoja dirishani. Mfalme akapona, watu 18 wakafa. Serikali ikapata sababu. Septemba mwaka huo huo ikatoka sheria kwamba hakuna mchoro kuchapwa bila kukaguliwa kwanza, na michezo ya kuigiza vilevile ikarudishiwa ukaguzi. Siasa ikafungwa kufuli.

Wachoraji wale walikuwa na gazeti la kila siku la kulisha. Mlango wa Ikulu umefungwa, wakaenda kuchungulia madirisha ya majirani: mawakili, madaktari, waume na wake zao, wenye nyumba na wapangaji, na waigizaji. Ndiyo miaka ambayo mchoraji Gavarni, jina lake la nyumbani Sulpice-Guillaume Chevalier, alitoa mfululizo mzima kwenye Le Charivari unaoitwa Les Coulisses, yaani huko huko nyuma ya jukwaa.

---

#7 Domo Kaya

Kwahiyo walikatazwa kumsema mkubwa wakaamua kumsema mnenguaji. Sawa sawa na kwingine kote.

---

#8 Mzee Daftari

Domo Kaya leo umesema neno, na wewe huwa husemi.

---

#9 Nahodha wa Nchi Kavu

Shikamoo mzee. Darasa limeniingia. Ila nina swali, huyo mwenye kofia anafanya nini huko nyuma? Kazini kwetu mtu asiye na kazi hapiti ule mlango hata awe nani, mimi mwenyewe nisipovaa beji narudishwa.

---

#10 Mzee Daftari

Marahaba. Huyo amelipia kuwa huko.

Mwaka 1831 Opera ya Paris, jumba la michezo ya kuimba na baleti, ilikabidhiwa kwa mtu binafsi aiendeshe kibiashara, Louis Véron, daktari aliyetajirika kwa dawa ya kikohozi (si utani). Véron akaona wateja wake wakubwa ni matajiri wanaolipia viti vya msimu mzima. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba ambacho wachezaji wananyoosha viungo kabla ya kutoka. Véron akakifungua kwa hao matajiri wa msimu. Kofia ndefu, koti jeusi, fimbo, wanaingia wanasimama katikati ya mabinti wanaopasha misuli. Ikawa ni sehemu ya walichonunua. Opera ilipohamia jengo la Garnier mwaka 1875 chumba hicho kikajengwa upya kwa nakshi za dhahabu, na wenye kofia wakaendelea kuingia.

Mabinti wadogo kabisa, wale wanafunzi, waliitwa panya. Panya wa Opera. Mpaka leo Wafaransa wanaliita hivyo darasa la watoto pale, kwa mapenzi.

Nguvu ya hao wenye kofia mtaipima kwa kisa kimoja. Machi 1861 Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani, alileta opera yake Tannhäuser. Desturi ilikuwa baleti inawekwa sehemu ya pili, kwa sababu mabwana wa klabu moja ya kifahari, Jockey Club, huwa bado wako mezani wanakula wakati sehemu ya kwanza inachezwa, wanafika wameshiba kuwaona wasichana wao. Wagner akaiweka baleti mwanzo. Wakaja na filimbi, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, wanapiga filimbi katikati ya muziki mpaka hausikiki. Baada ya mara tatu akaiondoa. Opera nzima imeangushwa kwa sababu chakula cha jioni kiliingiliana na ratiba.

---

#11 Mnenguaji Mstaafu

Nimekaa kimya nasoma ila sasa naomba nafasi.

Mimi nimenengua bendi Dar miaka ya 2000, bendi siitaji. Chumba chetu cha kubadilisha nguo kilikua stoo ya kreti za bia, mlango ukiufunga unajifungua wenyewe. Pedeshee alikua haingii kwa kugonga. Anaingia, anakaa juu ya kreti, anaagiza soda za watu wote afu anakaa anatuangalia tunavyovaa, na bosi wa bendi akipita anamsalimia yeye kwanza. Kwanini? Kwasababu jina lake litaimbwa mara nne kabla ya saa saba usiku na kila likiimbwa anapanda kutunza. Sasa mkimchora huyo na kofia ndefu au na cheni ya dhahabu kwangu mimi ni mtu yule yule.

Ila kilichonileta hapa ni yule mama. Domo Kaya kasema dalali na watu wamecheka. Mama yangu alikua anakuja kila Ijumaa na kapu lake. Ndani ana khanga, maandazi, na sendo zangu maana nikishavua viatu vya shoo miguu imevimba. Anakaa kwenye benchi mpaka saa tisa usiku tupande gari pamoja, sababu mwenzangu mmoja alipanda mwenyewe na yaliyompata sitaandika humu. Mtaani wakasema anamuuza mwanae. Na yeye kweli alikua anaangalia mifuko ya wanaume, kwasababu anataka kujua nani kalewa nani hajalewa na nani ana funguo ya gari mkononi.

Kwahiyo Nahodha angalia vizuri kapu la huyo mama. Kuna nini ndani?

---

#12 Domo Kaya

Dada nisamehe bure. Nimeongea kama mlevi.

---

#13 Nahodha wa Nchi Kavu

Da Mnenguaji pole sana. Nimeangalia. Kapu lina mfuniko wa kitambaa, pembeni kumechomoza mkia wa kitu, mwanzo nilidhani samaki kumbe ni kamba za kiatu. Kiatu cha pili cha baleti. Na nusu ya mkate iliyobaki.

---

#14 Mnenguaji Mstaafu

Haya.

---

#15 Mzee Daftari

Binti yangu umenifundisha. Nikuongezee moja. Wale akina mama kwenye vibonzo vya Paris walikuwa kichekesho cha kudumu, mama wa mchezaji, kapu na shali, mlafi, mjanja, anapima wanaume kama nyama buchani. Wasomaji wa gazeti walikuwa wenye uwezo, gazeti la kulipia si la maskini. Baadhi yao bila shaka ndio hao hao wenye kofia. Asubuhi wanamcheka mama kwenye picha, jioni wanamkuta mwenyewe pale mlangoni.

Sasa mtazame mama wa kweli. Mnaijua sanamu ya Degas, msanii Mfaransa, ya mchezaji mdogo wa miaka 14? Yule ni mtoto aliyekuwepo, Marie van Goethem, alizaliwa 1865, panya wa Opera. Baba fundi cherehani, mama dobi, wahamiaji kutoka Ubelgiji. Degas alimtengeneza kwa nta, akamvisha sketi ya kitambaa halisi na nywele halisi, akamwonyesha mwaka 1881 ndani ya sanduku la kioo. Waandishi wakamwita nyani, wakasema uso wake una uovu. Mtoto wa dobi, miaka 14, amesimama tu na mikono nyuma. Mwaka uliofuata Opera ikamfukuza kwa kukosa mazoezi, na baada ya hapo hasikiki tena.

Degas mwenyewe alikuwa mkusanyaji mkubwa wa litografia za Daumier na Gavarni. Alizijua hizi picha kama wewe unavyozijua nyimbo za bendi yako.

---

#16 Mushi wa Kivu

Bandugu jambo yenu. Mi ni mutu wa Bukavu, kifaransa tulikisomeaga ku masomo, njo niseme kidogo juu ya ile neno coulisse. Sisi ku redio kila siku banasemaka mambo ya siasa inapikwa mu coulisses, tunajua tu ni nyuma ya pazia. Kumbe neno yenyewe ni ya fundi wa mbao! Coulisse ni ule mufereji kwa chini kwenye mbao inatelezaka, kama mulango ya kusukuma. Zile mbao za musitu Nahodha anasema, zilikuwa zinapita mu mufereji ku jukwaa, unasukuma musitu unatoka, nyumba ya mufalme inaingia. Kisha jina ya mufereji ikapandia sehemu yote ya pembeni. Hata soko ya hisa ya Paris, bale batu benye banauzishaga pembeni bila kibali ya sawa, baliitwaka coulisse. Kwa hiyo ule papa wa kofia anaweza kuwa anatoka mu coulisse moja anaingia mu ingine, hahaha.

---

#17 Kambi Popote

Kahawa imeisha nimehamia chai. Endeleeni.

---

#18 Nahodha wa Nchi Kavu

Mushi wa Kivu umenikumbusha. Mimi nilipoanza hii kazi nilitaka kufukuzwa wiki ya pili sababu ya neno moja. Kuna mafundi wa juu, wale wa kamba, kule darini kote ni kamba na kapi za kuvutia na mizigo ya kusawazisha, ukitazama juu unaona kama uko chini ya mlingoti wa jahazi. Nikamwambia mzee mmoja kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, hii kamba imelegea. Mzee akanigeukia kama nimemtukana mama yake. Kumbe kwenye jukwaa la Kifaransa neno kamba halitamkwi, ni nuksi, utasema uzi, utasema kitu chochote ila sio kamba. Na mluzi pia marufuku. Wanasema zamani hao watu wa juu walikua mabaharia, meli zikikosa safari wanakuja kuvuta mandhari, na walikua wanapeana ishara kwa mluzi kama melini, kwahiyo ukipiga mluzi ovyo mtu huko juu anaachia msitu mzima unakushukia kichwani.

Mimi mtoto wa pwani, babu alikua nahodha kweli, nikasikia raha kidogo. Toka siku hiyo yule mzee ananiita baharia na mimi nambebea kahawa.

Nimesema haya kwasababu kwenye picha kuna kamba inashuka kutoka juu inapita nyuma ya mabawa ya binti. Nilidhani ya pazia. Sasa nahisi ni ya kumrushia yeye. Anaenda kuning'inizwa aruke.

---

#19 Mzee Daftari

Inawezekana kabisa. Mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide pale Opera, jini la hewani, na mabinti wenzake wenye mabawa wakarushwa kwa waya juu ya jukwaa. Baada ya hapo Paris nzima ikataka mabawa. Ndiyo utamu wa vibonzo hivi, mbele ni jini lisilogusa ardhi, nyuma ni mkate, viatu na kamba.

Na jambo lingine lililokuwa nyuma ya pazia ni makofi. Opera ilikuwa na kikosi cha wapiga makofi wa kulipwa. Siku za Véron mkuu wao aliitwa Auguste, alikuwa anahudhuria mazoezi, anakaa na mkurugenzi kupanga wapi pashangiliwe kwa nguvu na wapi kidogo, na wachezaji wenyewe walimlipa pembeni wasije wakatoka jukwaani kimya kimya.

---

#20 Domo Kaya

Wapambe! Kumbe ni kazi ya siku nyingi na ina mkuu wa idara.

---

#21 Fundi Pleti

Turudi kwa mchoraji. Mkuu, jamaa fimbo kaishika mkono gani?

---

#22 Nahodha wa Nchi Kavu

Kushoto. Na binti anafunga kiatu kwa kushoto. Na mama kapu liko kushoto. Ukoo mzima wa mashoto.

---

#23 Fundi Pleti

Ndo nlichotaka. Sio mashoto hao. Jiwe linageuza. Ulichochora kulia kinatoka kushoto, kwahiyo hata sahihi mchoraji anatakiwa aiandike kinyumenyume, na wengine wakiwa na haraka wanasahau inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Wenye muda walikua wanachora kinyume makusudi ili itoke sawa, wenye kukimbizana na gazeti hawajali. Kwahiyo huyu alikua na haraka zake.

Kuhusu nani, mimi sio msomi ila nimeangalia nyingi mtandaoni toka uzi uanze nimeunguza hadi wali. Gavarni mabinti zake wanapendeza, shingo ndefu, nguo zinakaa, alitokea kwenye kuchora mitindo ya mavazi. Na maneno ya chini alikua anaandika mwenyewe. Daumier sura zake nzito, kama udongo umefinywa, na anapenda mwanga utoke chini kwenye zile taa za ukingo wa jukwaa upige kidevu na pua, na maneno mara nyingi alikua anaandikiwa na wengine pale gazetini, yeye anachora tu. Sasa yako mwanga unatoka wapi?

---

#24 Nahodha wa Nchi Kavu

Unatoka chini kulia, pembeni ya libao. Kuna kama kitaa kifupi kimesimama, kama koroboi ila ya ukutani. Inamulika sketi mpaka unaona miguu kivuli ndani yake. Uso wa binti mzuri lakini uso wa mama ni udongo uliofinywa kabisa. Sasa sijui niseme nani.

---

#25 Fundi Pleti

Wengine wapo pia, Beaumont, Cham, Traviès, gazeti lilikua na watu. Mimi naacha wazi.

---

#26 Jini Moto wa Nyali

Hamjambo wapwani na wabara. Mimi ni zimamoto, Mombasa, nimefanya hii kazi miaka 14 na nimesoma huu uzi wote nikingoja mtu amseme mwenzangu. Hakuna. Mmesema pedeshee, mmesema mama, mmesema mpaka kamba. Zimamoto ameitwa mara moja tu kwamba anakula kwa macho.

Kaka Nahodha hebu rudi hapo kwa koroboi. Umbali wake na sketi ni kiasi gani?

Nakuuliza kwa sababu iko kisa kila zimamoto wa ukumbi angefaa kukijua. Emma Livry, mchezaji wa Opera hiyo hiyo ya Paris, miaka 20, mwanafunzi wa huyo Taglioni mzee amemtaja. Novemba 1862 wako mazoezini, amekaa pembeni akingoja zamu yake, akasimama akakung'uta sketi isije ikajikunja. Ule upepo wa sketi ukapita kwa taa ya gesi. Alikimbia jukwaani akiwaka moto. Zimamoto wa zamu ndiye alimfukuza akamshika akamfunika. Aliishi miezi minane na vidonda, akafa Julai 1863. Na dawa ya kuzuia moto ilikuwako, nguo zilikuwa zachovywa, yeye alikataa kwa vile ilikuwa ikifanya sketi kukakamaa na kufifia rangi. Sisi huku hatucheki hapo, kila siku twaona watu wakiziba mlango wa dharura kwa meza ya keki ya harusi kwa sababu wapendeza picha.

Paris zimamoto ni wanajeshi tangu Napoleon 1811, baada ya moto kwenye sherehe ya balozi wa Austria mwaka uliotangulia. Na ukumbini kulikuwa lazima wawe zamu. Kazi yao yote ni kusimama gizani na kutazama. Mtu akikutazama kazini unafanana na mtu anayekodoa.

Hiyo ngoma miguuni mwake, ina mpini?

---

#27 Mnenguaji Mstaafu

Nahodha jibu.

---

#28 Kambi Popote

Nahodha jamani.

---

#29 Nahodha wa Nchi Kavu

Samahani nilikua zamu.

Nimeitoa kwenye fremu. Nimetumia kisu cha siagi, misumari ilikua imeota kutu. Kioo kilikua kichafu kwa ndani, yaani miaka yote ile watu waliokua nayo walikua wanaangalia kupitia uchafu. Nimekaa nayo mezani na taa ya simu.

Koroboi na sketi hapaingii viganja viwili. Ina kikingio cha waya lakini kimeinuka upande mmoja.

Zimamoto haangalii mguu wa binti. Mstari wa macho yake nimeupima na rula, unapita chini ya goti unaishia kwenye pindo la sketi, pale karibu na taa. Na mguu wake mmoja umeshatoka mbele, kisigino kimenyanyuka.

Ngoma ina mpini. Ni ndoo. Juu yake kuna kitu kimelala kimekunjwa, kizito, kinachuruzika pembeni, nilidhani mchoraji kakosea akaburuza chaki. Ni blanketi limeloweshwa.

---

#30 Jini Moto wa Nyali

Shukran kaka.

---

#31 Domo Kaya

Yaani posti zote hizi tumeangalia sketi.

---

#32 Nahodha wa Nchi Kavu

Kesho naipeleka kazini nimwonyeshe yule mzee wa kamba, nitarudi na majibu. Ile kamba ya nyuma ya mabawa kuna fundo silielewi, babu yangu asingelifunga hivyo.